Baridi ya Ibighi na Wagonjwa wa Kifua

Mwezi wa Juni ukiingia, baridi ya Rungwe haina mzaha. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hata mvua kubwa zikipungua, ukungu bado hushuka kutoka mlimani ukatanda juu ya migomba ya Ibighi. Kwa kijana mwenye mapafu mazima, hiyo ni baridi tu. Bali kwa mwenye pumu, au yule ambaye mapafu yake yamechakazwa na moshi, na tumbaku, au na kifua kikuu alichopona zamani, miezi hii ni ya kuhesabiwa siku moja moja.

Wengi wa watu hao huambiwa, "Hicho ni kikohozi cha uzee." Sivyo hata kidogo. Uzee peke yake haumfanyi mtu akohoe kila asubuhi na kutweta akipanda kilima kifupi. Moshi wa miaka mingi hujeruhi njia ndogo za hewa. Zikavimba, zikajaa makohozi, na hewa iliyoingia ikawa inatoka kwa taabu. Madhara hayo hayafutiki. Mafua yakimpata mtu wa namna hiyo, njia iliyokwisha kuwa nyembamba huzidi kuziba, na jambo ambalo kwa jirani ni kupiga chafya siku tatu, kwake laweza kuwa kufa na kupona.

Tuje jikoni, maana huko ndiko kwenye shida yenyewe. Bibi mwenye kifua kibovu huketi karibu na mafiga kwa sababu hapo ndipo penye joto, na kuni mbichi za mkaratusi zinafuka mlango umefungwa. Joto analolifuata ndilo linalomletea moshi unaomuua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikikusudia asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Twauunga mkono, lakini bibi huyu anakohoa leo, na mtungi wa gesi hauotwi. Basi vijana wa nyumba wamkaushie kuni mapema, watoboe dirisha la jiko, wamtafutie blanketi la pili na soksi nzito, na mpishi awe mtu mwingine. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala: hewa yake ya sumu haina harufu, nayo humwua hata mzima usingizini.

Mafua yenyewe huletwa na wageni na wajukuu. Hatusemi wazee watengwe. Twasema mwenye mafua akae mbali nao kwa siku chache, na mikono ioshwe kwa sabuni. "Mugonile" ni salamu ya heshima hata ikitolewa mlangoni, na sidhani yupo mzee atakayeona amevunjiwa adabu akielezwa sababu. Shirika hilo hilo hushauri wazee na wenye maradhi sugu wachanjwe dhidi ya homa ya mafua kila mwaka. Inafaa kuuliza hospitalini kama chanjo ipo.

Kuna desturi mbaya ya kukimbilia dukani kununua vidonge vya rangi mbili. Dawa hizo haziui virusi vya mafua. Makohozi yakizidi na kugeuka rangi, daktari ndiye wa kuamua. Mwenye dawa ya kuvuta na aitumie kama alivyoagizwa, hata siku anazojiona mzima, wala asingoje ya mwisho iishe ndipo atafute nyingine. Na anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, hata kama alikwisha kuugua na kupona.

Lakini mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, midomo ikibadilika ikawa ya samawati, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe Hospitali ya Wilaya usiku huo huo, ameketishwa wima, si kulazwa chali, na dawa zake zote zichukuliwe pamoja na kadi yake.