IMF, Nyachae na Mshahara wa Babu

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi maana yake niliipata likizo iliyopita nyumbani kwa babu, upande wa Nyamira. Babu alikuwa mwalimu hadi alipostaafu. Nilimuuliza hii IMF inayotajwa redioni kila bajeti ikikaribia ni mdudu gani. Akacheka, akasema, "Huyo ndiye aliyeukalia mshahara wangu mwaka wa 1998, yeye na Nyachae." Nikaduwaa. Nyachae huyu huyu wetu wa Nyaribari? Basi nikaanza kuchimba.

Kwanza tuelewane. Shirika la Fedha Duniani, ambalo kila mtu huliita IMF, na Benki ya Dunia ni mashirika mawili yaliyobuniwa mwaka wa 1944, na makao yao yako Washington, Marekani. Benki ya Dunia hukopesha hasa kwa miradi ya maendeleo kama barabara na maji. IMF huikopesha serikali iliyopungukiwa na fedha za kigeni. Haitoi pesa zote kwa mpigo. Hutoa fungu moja, kisha maafisa wake huja Nairobi kukagua hesabu. Masharti yakiwa yametimizwa, fungu jingine hutoka. Yasipotimizwa, mfuko hufungwa, na wakopeshaji wengine wakiona hivyo nao hufunga yao.

Mfikirie mama mwenye deni dukani. Mwenye duka anamwambia, sitakupa unga tena mpaka nione unavyotumia pesa zako: acha kununua soda, punguza kibarua mmoja, uza mbuzi. Mama anakubali, afanyeje? Lakini akifika nyumbani watoto wanapiga kelele wanataka chakula na viatu. Serikali inayodaiwa ndiyo mama huyo. Mwenye duka hampigii kura. Watoto ndio wanaopiga kura, na wakichoka wanaandamana.

Kenya iliyaonja haya mapema. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya, wakitaka mageuzi ya uchumi na ya siasa. Desemba mwaka huo huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu cha KANU, kikafutwa. Msidhani ni wageni peke yao waliotuletea vyama vingi, la hasha! Wakenya walikuwa wameshapigwa virungu na kufungwa kwa ajili hiyo. Machi 1993 Rais Moi aliyakataa masharti ya IMF waziwazi, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamepatana tena.

Sasa tuje kwa babu. Tarehe 31 Julai 1997 IMF ilisimamisha mkopo wake kwa Kenya kwa sababu ya ufisadi. Jambo lililosemwa sana lilikuwa Goldenberg, kampuni iliyolipwa na serikali mabilioni ya shilingi kama motisha ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Jamani, Kenya hii almasi inachimbwa wapi? Mfuko ulipofungwa, shilingi ikaanguka. Serikali ikazidi kukopa hapa hapa nchini, na riba ya hati za hazina ikapita asilimia 20.

Na uchaguzi ulikuwa Desemba. Oktoba 1997 walimu waligoma chini ya KNUT, katibu mkuu akiwa Ambrose Adongo. Serikali, ikiwa na kura mbele yake, ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu. Babu anasema siku hiyo alinunua nyama kilo mbili kwa deni! Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ukapita.

Januari 1998 Simeon Nyachae akafanywa Waziri wa Fedha. Alikuwa amewahi kuwa Katibu Mkuu wa serikali nzima, kwa hivyo vitabu vya hesabu alijua kuvisoma. Alivifungua, akatangaza hadharani jambo ambalo mawaziri hawalisemi: serikali imeishiwa. Akataka matumizi yapunguzwe, na akasema pesa za awamu ya pili ya walimu hazipo. Mambo haya ndiyo wakopeshaji walitaka kuyasikia. Walimu waligoma tena Oktoba 1998, babu akiwa mmoja wao. Safari hii wakarudi darasani mikono mitupu.

Ajabu ni kwamba huyo waziri hakudumu. Februari 1999 Moi alimhamisha kutoka Wizara ya Fedha, naye Nyachae akajiuzulu. Julai mwaka huo Dkt. Richard Leakey akawekwa kuongoza utumishi wa umma, jambo lililowafurahisha wafadhili, na Julai 2000 IMF ikafungua mfuko. Desemba mahakama ikaamua kwamba mamlaka ya kupambana na ufisadi haikuwa halali kikatiba, mfuko ukafungwa tena. Fungua, funga, kama mlango wa posho mill.

Wanafunzi wenzangu mtaniuliza, hayo ya wazee yanatuhusu nini? Aprili 2021 Kenya ilichukua mpango mwingine wa IMF, takriban dola bilioni 2.34. Kufikia Juni 2023 deni lote la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Serikali ilihitaji kuonyesha kwamba inakusanya kodi zaidi, na Mswada wa Fedha wa 2024 ukaletwa ili upate kama bilioni 346. Yaliyofuata mnayajua. Hata hapa Kisii mjini vijana waliandamana. Mama yangu, ambaye huuza ndizi Daraja Mbili, alifunika mkungu wake kwa gunia akarudi nyumbani bila kuuza. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Machi 2025 serikali na IMF wakakubaliana kuacha tathmini ya mwisho ya mpango ule. Mlango ukafungwa tena.

Nilirudi kwa babu nikamwambia, "Babu, kama kikapu kilikuwa tupu kweli, Nyachae alikosa nini kusema?"

Alinyamaza kidogo. "Kusema hakukosa, mjukuu wangu. Hata 2002 nilimpigia kura ya urais, akashika nafasi ya tatu. Lakini aliyekimaliza kile kikapu hakuwa mwalimu. Mbona aliyeambiwa afunge mkanda ni mwalimu?"

Hapo sikuwa na jibu, na hadi leo sijalipata kamili. Nyanya alikuwa akichambua mboga kando yetu, akasema kwamba mkanda ule haukumkaza babu peke yake. Mwaka huo mamangu, wakati huo akiwa msichana wa shule, alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo.

Mama hakuwahi kuniambia. Jioni nilipomuuliza alisema tu, "Nilirudi muhula uliofuata," akaendelea kuhesabu pesa za ndizi.