Mikanda ya Video ya Nyumbani: Namna ya Kuchagua Vyombo vya Kuihamishia kwenye Diski

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, juu ya kabati au chini ya kitanda, mna sanduku la mikanda ya video ya arusi, mahafali na maziko. Mingi ya mikanda hiyo ilirekodiwa katika miaka ya 1980 na 1990, na aghalabu haina nakala ya pili. Shabaha ya makala haya ni kumwelekeza msomaji katika kuchagua vyombo vya kuhamishia picha hizo kwenye diski, na hasa kumwonyesha chombo kinachostahili fedha yake kabla ya vingine vyote.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu. Mwaka 1989 ndugu yetu mmoja aliyekuwa akiishi Marekani alikuja Tanga na kamera yake ya VHS, akarekodi arusi ya shangazi yangu. Katika mkanda ule bibi yetu anasikika akimwombea dua binti yake, nasi hatuna kumbukumbu nyingine ya sauti ya mzee huyo. Mwaka 2006 nilimpelekea fundi mmoja mkanda huo auhamishe. Diski niliyorudishiwa ilikuwa na picha zisizo na rangi, zinazoviringika bila kutulia, na sauti ya bibi ilikuwa nzito na ya kuburutika kama ya mwanamume. Fundi alisema kwamba mkanda umekufa. Kwa bahati njema hatukuutupa, kwani mkanda ulikuwa mzima. Kilichokosewa ni mashine.

Mkanda husomwaje?

VHS ni mfumo ulioanza kuuzwa Japani mwaka 1976. Mkanda wake ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa chembe ndogo mno zenye kushika sumaku. Picha huandikwa juu ya utepe kwa mistari ya mshazari isiyozidi unene wa unywele. Ndani ya mashine mna ngoma ndogo yenye vichwa vya sumaku. Ngoma hiyo huzunguka mara 25 kila sekunde, huku utepe ukipita taratibu, kiasi cha milimita 23 kwa sekunde. Kichwa kilicholika au kilichochafuka hakiwezi kuifuata mistari hiyo sawasawa, na lile lisilosomwa na kichwa haliwezi kurudishwa na kompyuta yoyote. Kwa sababu hiyo, fedha ya kwanza itumike kupata mashine nzuri ya kusomea.

Hesabu hizo za mzunguko ni za mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, uliotumika Tanzania, Kenya, Uingereza na Omani. Marekani, Kanada na Japani zilitumia mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 na picha 30 hivi kwa sekunde. Mkanda wetu ulikuwa wa NTSC, nao ulisomwa kwa mashine ya PAL peke yake. Miaka kadhaa baadaye niliupitisha katika mashine isomayo mifumo yote miwili: rangi zilirudi, na bibi akasikika kwa sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, uliza kila mkanda ulirekodiwa wapi.

Kuchagua mashine

Kampuni ya Funai ya Japani ilikoma kutengeneza mashine za VHS mwaka 2016, hivyo yakupasa kutafuta iliyokwisha kutumika. Ijaribu kwanza kwa mkanda usio na thamani. Usiingize kamwe mkanda wenye ukungu mweupe, ambao ni maradhi ya kawaida katika hewa yenye unyevu ya pwani. Mbegu za ukungu huchafua vichwa na kuambukiza mikanda mingine. Mpe fundi ausafishe kwanza.

Utepe wa zamani hulegea na kuvutika, na mistari ya picha hufika ikiwa imewahi au imechelewa kidogo. Ndiyo sababu kingo za picha hutikisika kama kitambaa katika upepo. Kipo chombo kirekebishacho kasoro hiyo: huihifadhi mistari kwa muda mfupi sana, kisha huiachilia kwa mapigo yaliyo sawa. Baadhi ya mashine za Super VHS, mfumo ulioanza mwaka 1987, zinacho ndani yake. Ukiipata mashine ya namna hiyo, ichague.

Kuchagua kinasa na diski

Njia mbili ni za kawaida. Ya kwanza ni mashine iliyounganisha mkanda na diski pamoja: ni rahisi kutumia, lakini hubana picha papo hapo na kuacha nafasi ndogo ya kusahihisha. Ya pili ni kifaa kidogo kinachounganisha mashine ya video na kompyuta. Hii yahitaji subira, lakini hukupa faili kamili kabla ya kutengeneza diski.

DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Ili picha zienee humo, huhifadhiwa picha moja nzima, na katika zinazofuata huhifadhiwa mabadiliko tu. Chenga za mkanda uliochakaa nazo huhesabiwa kuwa mabadiliko, na hula nafasi bure. Kwa hiyo weka saa moja katika kila diski, au mbili zikizidi. Aahidiye saa nne anakuuzia picha zilizofifia.

Tena, diski ya kurekodia si ya milele. Data zake huchomwa kwa mwali wa leza juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Faili kamili, ambayo kwa mfumo wa DV huchukua gigabaiti 13 hivi kwa saa, iwekwe katika diski kuu mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Andika juu ya kila nakala jina la shughuli, mahali na mwaka, maana wanaowatambua watu waliomo wanapungua.

Mwisho, usiutupe mkanda wenyewe hata baada ya kazi kwisha. Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliipata sauti ya bibi kwa sababu tu mkanda uliodhaniwa kuwa umekufa ulirudishwa sandukuni.