India: wakaaji 500 ndio wanaofungulia kijiji barabara

Vijiji viwili vya tambarare vinaweza kufanana kwa yote: mashamba yale yale ya mpunga, matope yale yale mvua inaponyesha. Kimoja kina wakaaji 499, kingine 500. Kwa serikali ya India, ni hiki cha pili tu chenye haki ya kuunganishwa na barabara inayopitika mwaka mzima.

Kipimo hicho kinatoka katika Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, mpango wa barabara za vijijini uliozinduliwa tarehe 25 Desemba 2000, wakati wa waziri mkuu Atal Bihari Vajpayee. Walioanza kuhudumiwa ni wenye watu 1.000 na zaidi, kisha 500. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila ya asili, watu 250 wanatosha. Sehemu ya pesa ilikatwa kwenye kodi ya mazutu.

Ugumu uko kwenye namna ya kuhesabu. Kinachohesabiwa ni kitongoji, na kijiji kimoja cha India mara nyingi kina vitongoji kadhaa, watu wa tabaka la chini wakikaa pembeni, mbali na wenzao. Kwenye tambarare, kitongoji kilicho chini ya mita 500 kutoka barabara kinachukuliwa kuwa kimekwisha kuunganishwa. Kwenye ramani, mita 500 ni kidogo. Kwa watu waliobeba mama mjamzito kitandani usiku, ndani ya matope, ni safari.

Gahlaur, wilayani Gaya katika jimbo la Bihar, inajulikana kote India kwa jambo hilo. Mlima ulikitenga kijiji hicho na upande wa Wazirganj, wenye huduma. Dashrath Manjhi, kibarua wa jamii ya Musahar, mojawapo ya jamii zinazodharauliwa zaidi nchini, alimpoteza mke wake, Falguni Devi, bila kumfikisha kwa daktari kwa wakati. Mwaka 1960 alichukua nyundo na patasi, akaanza kuuchonga mlima. Watu walimwita mwendawazimu. Alimaliza mwaka 1982: njia ya mita 110 hivi, yenye upana wa mita 9. Kutoka Atri hadi Wazirganj, kilomita 55 zikawa 15. Alipofariki mwaka 2007, Bihar ilimfanyia mazishi ya kiserikali. Alikuwa amechonga kwa miaka 22.

Je, barabara ikifika, maisha hubadilika? Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyo juu kidogo na chini kidogo ya kipimo hicho cha wakaaji. Utafiti wao, uliotoka mwaka 2020, ulionyesha kwamba wafanyakazi wengi waliacha kulima wakatafuta kazi nyingine. Lakini mavuno, mapato na mali za nyumbani havikubadilika sana katika miaka minne ya kwanza. Wanasiasa wanaokata utepe hawapendi kulitaja hilo, ingawa kwa mgonjwa anayetafuta hospitali halipunguzi thamani ya barabara.

Mnamo Septemba 2024, serikali ya New Delhi iliidhinisha awamu ya nne: kilomita 62.500 kwa ajili ya vitongoji 25.000 ambavyo bado havijaunganishwa, hadi mwaka 2029. Kipimo cha 500 kwenye tambarare na 250 milimani kimebaki. Idadi inayotumika ni ile ya sensa ya 2011, maana sensa ya 2021 iliahirishwa, na nyingine imepangiwa 2027. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kitongojini mwaka 2012, ambaye sasa anatembea kwa miguu kwenda sekondari, hayumo katika hesabu ya barabara yake.