Kinachotokea Chini ya Rangi

Anayeagiza geti kwa mchomeleaji wa Kanombe, Kigali, huuliza bei, kisha rangi. Ni nadra aulize chuma kitasafishwaje kabla ya kupakwa, na hapo ndipo uhai wa geti ulipo.

Jaribio la miaka ya 1920 linaeleza kwa nini, na mwanafunzi anaweza kulirudia mezani. Sugua kipande cha chuma kwa msasa, ukidondoshee tone la maji ya chumvi, usubiri. Ungetarajia chuma kiliwe ukingoni, penye hewa tele. Sivyo: huliwa katikati ya tone, ambako oksijeni ni haba, na kutu hujikusanya kwa duara kuizunguka sehemu hiyo. Ukingo hubaki safi. Mkondo mdogo wa umeme hupita kati ya sehemu hizo mbili, kama kwenye betri.

Sasa paka rangi juu ya magamba ya kutu. Unyevu ukipenya, chini ya magamba hewa ni kidogo, na chuma huliwa humo humo huku geti likimeremeta. Jasho la mikono nalo huacha chumvi juu ya chuma, na mafuta yasiposafishwa huifanya rangi isishike.

Kigali haina upepo wa bahari unaotafuna mabati ya Mombasa, lakini ina mvua za Machi hadi Mei na asubuhi za umande. Wapakaji wa viwandani hawaanzi mpaka chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya lile ambalo kwalo umande hutua. Fundi asiye na kipimo na asubiri jua lipande, afute chuma kikauke.

Kwa kijana, kukinga chuma na kutu ni kazi ya kusomea: matangi, mabomba na madaraja huhitaji wasafishaji, wapakaji, na wakaguzi wanaopima unene wa rangi kwa maikroni. Nisiipambe, hata hivyo. Kusafisha chuma kwa kupuliza mchanga hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Uingereza ilitunga kanuni za kuuzuia mchanga huo kwenye kazi hiyo viwandani mwaka 1949. Zipo chembe za chuma za kuchukua mahali pa mchanga, na kofia zinazoletewa hewa safi kwa bomba. Kitambaa cha puani hakitoshi. Kabla ya kukubali kazi, uliza watakupa kinga ipi.