Jinsi ya Kuchagua Spika ya Jukwaani kwa Gitaa Linaloimba

Wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu, wengi wenu mtayakumbuka mahafali ya mwaka jana. Mzazi mmoja alikuwa ndiyo kwanza asimame kutoa nasaha zake, mara spika kubwa tulizokodi zikapiga yowe hata watoto wadogo wakaziba masikio. Mzee wa watu akarudisha kipaza sauti, akaketi, na nasaha zake hatukuzisikia. Tangu siku hiyo fidibaki ikawa neno baya shuleni kwetu.

Leo nataka kuitetea. Yowe lile lile, likitiwa adabu, laweza kuwa sauti tamu ya gitaa: noti moja huendelea kuimba bila kufifia. Mwaka 1964 The Beatles wa Uingereza walianza wimbo wao "I Feel Fine" kwa sauti ya namna hiyo, na Jimi Hendrix wa Marekani aliitumia sana kabla hajafariki mwaka 1970. Wazee wetu waliozoea solo safi ya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz huenda wakaona ni kelele tu. Nawaomba wanisikilize kwanza.

Chama chetu cha Muziki kilikuwa na shilingi 450,000, tulizozipata kwa kuvuna mpunga wa mzee mmoja karibu na Ipinda wakati wa likizo ya Juni. Kwa fedha hizo tulitaka spika moja ya jukwaani yenye amplifaya yake ndani, ile inayolazwa sakafuni ikamwelekea mpigaji, ambayo wanamuziki huiita monita. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka Novemba baada ya mtihani wa taifa. Tukikosea, tutawaachia wadogo zetu sanduku lisilo na kazi, na fedha nyingine hakuna.

Kwanza yafaa tujue fidibaki ni nini. Chukua ngoma mbili, uziweke karibu karibu, utie punje chache za mchele juu ya ngozi ya moja, kisha upige ile nyingine kwa nguvu. Utaona punje zinacheza, ingawa hakuna mkono ulioigusa ngozi ile. Hewa ndiyo iliyobeba mtikisiko. Gitaa la umeme ni vivyo hivyo. Uzi ukitikisika, kinasa kilicho chini yake hugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo, amplifaya huukuza, spika huurudisha hewani kuwa sauti, na sauti hiyo huupiga uzi ule ule na kuutikisa tena. Nguvu inayorudi ikitosha kufidia ile inayopotea, uzi haunyamazi. Ni kama mtoto kwenye bembea chini ya mwembe: ukimsukuma kidogo kidogo kwa wakati wake, hasimami. Wafaransa huiita sauti hii larsen, kwa jina la mtaalamu wa fizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen (1871–1957).

Lakini ziko fidibaki za namna mbili, na hapana budi kuzitenganisha. Moja ni ya nyuzi, nayo ndiyo tunayoitaka. Ya pili hutokea waya mwembamba uliozungushwa ndani ya kinasa unapolegea na kutikisika wenyewe; hiyo hupiga mluzi mkali usio na muziki. Kuzijua ni rahisi. Weka kiganja juu ya nyuzi zote. Sauti ikinyamaza, ilikuwa ya nyuzi. Ikiendelea, kosa liko katika kinasa, na spika mpya haitalitibu.

Sasa nije kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni umbali, na hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Kwa hiyo spika ikisogezwa kutoka mita 4 hadi mita 1, gitaa hupata desibeli 12 zaidi. Ukitaka kupata desibeli hizo 12 kwa kuongeza wati, zitakubidi wati mara 16! Maana yake, spika ya wati 100 iliyo mita 1 kutoka kwenye gitaa hulitikisa sawasawa na spika ya namna ile ile yenye wati 1,600 iliyo mita 4. Spika kubwa za ukumbini huwaelekea watu, nazo huwa mbali na mpigaji. Monita iko miguuni pake. Ndiyo sababu iliyo ndogo yatosha.

Jambo la pili ni namba iliyoandikwa kwenye sanduku. Mara nyingi hiyo ni nguvu ya kilele, ambayo spika huitoa kwa kitambo kidogo mno. Uliza wati za kudumu, kisha uliza hutoa desibeli ngapi kwa umbali wa mita 1.

Jambo la tatu ni upana wa spika. Uzi mnene wa gitaa, ukiachwa wazi, hutikisika mara 82 kwa sekunde, na spika ndogo sana hushindwa kuitoa vema sauti nzito kama hiyo. Lakini gitaa likiimba kwa fidibaki, mara nyingi huimba sauti za juu za uzi ule ule. Basi inchi 10 zafaa, na 12 ni bora kama fedha zipo.

Jambo la nne ni tundu la kuingizia. Kinasa cha gitaa kina umeme dhaifu. Kikiunganishwa na tundu lisilotengenezwa kwa ajili yake, sauti hufifia kama imefunikwa blanketi. Tafuta tundu lililoandikwa kuwa ni la gitaa, au pitisha gitaa katika pedali iliyowashwa.

La tano, hakikisha spika ni ya umeme wa volti 230 kama wetu, wala usikate mguu wa ethi wa plagi ili kuondoa muungurumo. Mguu huo hulinda uhai.

Tulikwenda Mbeya na mwalimu mlezi wetu, tukalipakia gitaa na pedali katika basi linalopita Tukuyu. Muuzaji alituonyesha sanduku kubwa lililoandikwa wati 2,000. "Chukueni hili, wanangu, mtatikisa wilaya nzima," akasema. Nakiri kwamba moyo wangu ulilitamani. Mwalimu akaniuliza tu, "Utaliweka umbali gani kutoka kwenye gitaa?" Likawa limekaa mita 4, na tulipolijaribu likaunguruma, lakini noti zikafa kama kawaida. Kisha tukalaza chini monita iliyokwisha tumika, ya inchi 10, wati 150 za kudumu, nami nikasimama hatua moja mbele yake. Nikapiga uzi wa tano. Noti ikaanza kufifia, ikasita, halafu ikainuka yenyewe, ikapanda oktava moja, ikaimba mpaka nilipoweka kiganja. Muuzaji naye akacheka. Tukailipia shilingi 380,000, na baki ikatosha waya na nauli.

Sitaki kuwadanganya wasomaji: monita hii haitoshi uwanja mzima wa shule, na siku za sherehe tutakodi spika kubwa kama kawaida. Tena masikio yana mpaka wake. Taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi hushauri mtu asikae katika sauti ya desibeli 100 zaidi ya dakika 15 kwa siku. Kwa hiyo mazoezi yetu ya noti ndefu huwa mafupi.

Katika kujifunza haya nimejua pia kosa letu la mwaka jana. Kipaza sauti kilisimamishwa mbele ya spika, kikazisikia, kikazirudishia sauti yake. Mwaka huu spika zitakaa mbele ya msemaji, zikiwaelekea watu, na monita itazimwa wakati wa hotuba. Mzee wetu yule tumemwandikia barua kumwomba aje tena. Akikubali, kipaza sauti chake nitakiweka mimi mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Muziki