Usidharau Manyoya ya Mbegu ya Pamba

Ndugu mkulima wa Nangina, hebu shika mbegu ya pamba iliyotoka kiwandani uitazame. Imevaa manyoya mafupi, si ndiyo? Wengi wetu tunayajua kwa usumbufu wake tu: wakati wa kupanda mbegu zinang'ang'aniana, mpaka uzisugue na majivu au udongo wenye maji ndipo ziachane. Kumbe manyoya hayo ni mali.

Ukipeleka kilo 100 za pamba kwenye kiwanda cha kuchambua, kama kile kilichojengwa Mulwanda, nyuzi ndefu huwa kama kilo 35 tu. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu. Mashine huvuta nyuzi ndefu, lakini vinyuzi vya kama milimita 3 hubaki vimeshika ganda. Hivi huitwa linta. Huondolewa kwenye kiwanda cha mafuta, kwa mashine yenye misumeno mingi midogo, kabla mbegu hazijakamuliwa. Kwa kawaida kilo 100 za mbegu hutoa mafuta kilo 16, mashudu kilo 45, maganda kilo 26, na linta kilo 8 au 9.

Zinafanya kazi gani? Zile ndefu kidogo hujaza magodoro, na hutengeneza pamba ya hospitali na karatasi imara ya noti. Zile fupi kabisa huchemshwa na dawa mpaka ibaki selulosi safi. Hapo ndipo hupatikana vanishi, rangi ya kucha, fremu za miwani na hata baruti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zilitafutwa sana kwa ajili hiyo ya baruti.

Basi mbona hatuioni hiyo pesa? Kwa sababu tunauza pamba pamoja na mbegu yake, halafu tunauliza bei ya pamba peke yake.

Hatusemi kikundi kikimbilie kununua mashine. Inataka umeme mwingi na mbegu tani kwa tani. Vumbi lake huumiza kifua na hushika moto upesi. Lakini kabla ya kupatana bei, muulizeni mnunuzi: mbegu zinaenda wapi? Zinauzwa kilo shilingi ngapi? Je, tunaweza kurudishiwa mashudu kwa ng'ombe wetu? (Msiwape kuku wala nguruwe, yana sumu inayowadhuru.)

Anayejua thamani ya mzigo wake hapunjwi kwa urahisi.