Cheni isiyo na tarehe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, ukungu wa Mlima Kenya bado umelalia barabara ya Meru–Embu na stegi ya Nkubu ndiyo kwanza inachangamka. Probox ya kwanza kuwashwa inatoa sauti ambayo kila fundi wa mji huu anaijua: krrr ya sekunde mbili tatu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe wa Kimbo, kisha kimya. Injini inatulia, dereva anafungua redio, abiria wa Meru wanaingia. Mlio huo hautasikika tena mpaka kesho asubuhi. Ndiyo maana unapuuzwa, na ndiyo maana unakuja kula pesa nyingi.

Kinacholia ni cheni ya taimingi. Kazi yake ni kuunganisha kranki iliyo chini ya injini na kamshafti zilizo juu, zile zinazofungua na kufunga vali. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na mpango huo haufai kukosewa hata kwa jino moja. Cheni yenyewe imefichwa mbele ya injini nyuma ya mfuniko wa alumini, ikiteleza juu ya reli za plastiki, huku kidude kiitwacho tensiona kikiikaza. Katika injini nyingi ndogo tensiona husukumwa na presha ya oili. Gari likilala usiku kucha, oili hushuka; likiwashwa, tensiona husubiri oili ipande. Oili ikiwa safi na ya kutosha, kusubiri huko ni kufumba na kufumbua. Ikiwa chafu, nzito mno au imepungua, cheni hucheza ikigonga kuta za nyumba yake.

Mafundi husema cheni imevutika. Ukweli ni kwamba chuma hakivutiki kama mpira. Kila kiungo cha cheni kina pini, kila pini imelika kiasi kisichoonekana kwa macho, na ukijumlisha viungo vyote cheni imekuwa ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani. Mara nyingi kompyuta ya gari ndiyo hugundua kwanza: kamshafti imeachwa nyuma na kranki, taa ya injini inawaka, na mashine ya kusoma hitilafu inaandika P0016. Anayeendelea kupakia abiria baada ya hapo anacheza kamari na vali zake. Cheni ikiruka meno, pistoni hupanda wakati vali iko wazi, vali hupinda, na gari lililohitaji cheni jana leo linahitaji injini.

Waliomiliki Starlet na Corolla za miaka ya 1990 watakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi. Injini zile zilitumia mkanda wa mpira, na mkanda ulikuwa na tarehe yake: kilomita 100,000, kisha unatolewa uwe mzima au usiwe. Mafundi waliandika kilomita za kubadilisha kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boneti. Mwenye gari aliona gharama ikija kutoka mbali, kama karo ya muhula, akajipanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Toyota ikaleta injini za familia ya NZ, zenye cheni. Ile ya cc 1500, 1NZ-FE, iliingia kwenye Vitz, Platz, Fielder, na kuanzia 2002 kwenye Probox. Mazda Demio, Nissan Note na Honda Fit tunazozijua barabarani nazo ni za cheni. Wauzaji wakapata neno tamu la kumwambia mnunuzi: hii ni ya cheni, haibadilishwi.

Neno hilo ni nusu ya kweli, na kwa biashara ya Nkubu nusu iliyobaki ndiyo nzito. Mkanda ulikuwa dhaifu lakini ulikuwa na tarehe. Cheni ni imara lakini imefuta tarehe hiyo kwenye kalenda, na mahali pake imeweka sharti ambalo halikubandikwa popote: uhai wake ni uhai wa oili.

Magari haya hayakujaa hapa kwa bahati. Kodi ya bidhaa iko chini kwa gari la petroli lisilozidi cc 1500, na kanuni ya shirika la viwango, KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, lilipaswa kuwa limesajiliwa 2018 au baadaye. Kwa hiyo mtu wa kipato cha kati anayetafuta gari la kazi huishia kwenye kundi lile lile la injini ndogo za Kijapani. Linamfikia likiwa limetumika miaka kadhaa na mtu asiyemjua, na namba ya kilomita kwenye dashibodi anaiamini kwa imani tu.

Kisha gari linakutana na Nkubu. Mji umekaa katikati ya mteremko. Juu yake, upande wa Kionyo na msitu wa mlima, ni majani ya chai. Chini, upande wa Mitunguu, ni joto na mashamba ya ndizi. Karibu kila safari isiyo ya barabara kuu ni ya kupanda au kushuka. Gari linaloteremka Mitunguu likiwa jepesi linarudi limelemewa na mikungu ya ndizi, na nyuma ya mikungu hiyo kuna watu. Probox ya kwanza ilipimwa kiwandani kubeba watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Simama dakika kumi tu kwenye njia ya Mitunguu siku ya soko, uhesabu mwenyewe wanaoshuka.

Mzigo na mlima huidanganya ile namba ya kilomita. Chukua mfano wa gari la gia za mkono. Kwenye barabara kuu, gia ya tano, kilomita 80 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kilomita 100 zinamaliza mizunguko 187,500. Kwenye mlima, gia ya pili, kilomita 40 kwa saa, mizunguko 3,000 kwa dakika, kilomita 100 hizo hizo zinakula mizunguko 450,000. Cheni haihesabu kilomita. Inahesabu mizunguko, na kwa gari la Kionyo kila kilomita ni zaidi ya mbili za gari la Thika Road. Ongeza kuwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, safari fupi ambazo oili haipati muda wa kupata moto sawasawa, na dakika za kungoja abiria stegi huku injini inanguruma bila namba ya kilomita kusogea. Huko kwao Japani, Toyota inaelekeza oili ya injini kama hizi ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu inakata nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Kupanda milima mara kwa mara kumo katika matumizi magumu. Gereji nyingi za Kenya huandika 5,000, na kwa mteremko huu naona ziko sahihi.

Hata wakubwa wa dunia wamejifunza hili kwa gharama. Huko Marekani, General Motors ilipoona cheni za baadhi ya injini zake zinalika mapema, ilibadilisha programu ya kompyuta ya gari ili imwambie mwenye gari abadilishe oili mapema zaidi. Volkswagen nayo ilisumbuliwa na cheni za injini zake ndogo za turbo, na familia iliyofuata ya injini hizo ikarudi kwenye mkanda. Wenye Golf na Polo zilizotumika hapa kwetu wafahamu gari lao ni la kizazi kipi kabla ya kujifariji na neno cheni.

Ingia gereji yoyote ya jua kali pembeni mwa mji na utaona uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Fundi anafungua kifuniko cha oili, anaingiza kidole, anakitoa. Kama ukucha umetoka na ute mweusi mzito kama lami iliyoanza kukauka, hasemi kitu, anakuonyesha kidole. Kisha anaweka ncha ya bisibisi kwenye mfuniko wa mbele na mpini sikioni, anaomba gari liwashwe, anafumba macho. Nimewatazama wakifanya hivyo mara nyingi, na bado nashangazwa na jinsi sikio la mtu aliyejifunza chini ya mti linavyotenganisha mlio wa cheni na ule wa vali au wa pampu ya maji. Swali lake linalofuata huwa moja: oili ilibadilishwa lini? Hapo ndipo mwenye gari humtazama dereva, na dereva akatazama chini.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugonjwa unapoanzia. Mwenye Probox wa Nkubu mara nyingi si dereva wake. Ni mwalimu, muuguzi, mkulima wa chai, au kijana aliye Nairobi, na gari limenunuliwa kwa mkopo wa sacco. Mji huu unaijua mikopo: Yetu Sacco, iliyoanza kama chama cha wakulima wa chai wa Imenti Kusini, ina makao yake makuu hapa hapa. Mwenye gari anataka hesabu, yaani pesa ya siku, kila jioni ili marejesho yasikwame. Dereva anatoa hesabu, anajaza mafuta, na kinachobaki ndicho ugali wake. Katika mpango huo, saa moja gereji ni safari moja iliyopotea, na iliyopotea ni ya dereva. Chupa ya oili ikitoka mfukoni mwake, imetoka kwenye unga wa watoto wake. Injini ikifa, haimfii yeye. Atapata gari jingine. Simlaumu. Mpango wenyewe ndio unaomlipa kwa kuchelewesha oili, halafu unamtumia mwenye gari bili ya injini.

Injini ya 1NZ-FE hunywa lita 3.7 za oili pamoja na filta mpya. Lita 3.7! Linganisha na kazi ya cheni. Mfuniko wa mbele unashuka, sampu inashuka, cheni, tensiona, reli zote mbili na gia zinabadilishwa kwa pamoja, kwa sababu cheni mpya juu ya gia zilizolika huliwa haraka. Kisha gundi ya silikoni inapakwa vizuri, la sivyo oili inavuja wiki inayofuata. Gari linalala gereji siku mbili au tatu, na siku hizo hakuna hesabu wala marejesho.

Wengi huikwepa kazi hiyo kwa kununua injini nzima ya ex-Japan kutoka Grogan, yaani Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Inafungwa kwa siku moja na gari linarudi barabarani. Lakini injini hiyo nayo ina cheni yake, na historia yake ya oili imebaki ng'ambo ya bahari. Naona ajabu kwamba watu hulipa pesa zote hizo na kuifunga bila kufungua kifuniko na kutazama ndani, wakati injini bado iko sakafuni na kila kitu kinafikika kwa mkono.

Oili yenyewe ina mitego miwili. Wa kwanza ni oili bandia, pamoja na ile ya kupima inayouzwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 na mamlaka ya kuitekeleza, lakini chupa iliyojazwa upya haionekani kwa macho. Mtego wa pili ni wa nia njema: imani kwamba oili nzito hulinda injini iliyochoka. Injini iliyobuniwa kwa 5W-30 inamiminiwa 20W-50 kwa sababu haipungui haraka na mlio unapoa kidogo ikishapata moto. Asubuhi ya baridi oili hiyo hupanda polepole kama uji, na tensiona inasubiri.

Njia ya kutoka ipo, na wapo wanaoifuata kimya kimya. Pesa ya oili inatolewa kwenye hesabu kabla hesabu haijafika kwa mwenye gari, kiasi kidogo kila siku, na inakaa kando kama akiba ya oili, haiguswi. Mwenye gari ananunua chupa mwenyewe, kwenye duka linalotoa risiti, na anakuwepo inapofunguliwa. Siku ya sevisi, dereva anasamehewa hesabu ya nusu siku, ili gereji isiwe hasara yake. Katika gari moja niliona daftari la shule la kurasa 48, limetobolewa na kufungwa kwa uzi kwenye mpini wa mlango: tarehe, kilomita, aina ya oili, sahihi mbili, ya dereva na ya fundi. Sacco zinazodai bima kabla ya kutoa mkopo zingeweza kudai daftari kama hilo bila gharama yoyote, maana dhamana yao ni hiyo hiyo injini.

Kwa anayekwenda kununua gari lililotumika wiki hii, apange kufika alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha. Aweke kiganja juu ya boneti kwanza. Ikiwa baridi, afungue kifuniko cha oili, atazame, kisha aombe liwashwe huku amesimama mbele ya injini, dirisha limefunguliwa na redio imezimwa, asikilize zile sekunde tatu za mwanzo. Akikuta boneti tayari ni moto, ashukuru kwa chai, aulize kama kesho saa kumi na mbili anaweza kurudi, na asiache hata senti ya kushikia gari.